Mpewa Hapokonyeki

Hapa Malindi, juu katika milima ya Usambara, mkulima wa viazi akitaka kujua bei ya Dar es Salaam kabla ya kupakia gunia, huuliza kwa simu yake. Ni nadra kujiuliza chombo hicho kilifikaje mikononi mwa mtu wa kipato chake.

Simu ya kisasa haifanyi kazi bila mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziamrisha nyingine zote. Kampuni nyingi ziliuficha mfumo huo kama mganga afichavyo dawa yake. Tarehe 21 Oktoba 2008, Google ya Marekani iliuweka wazi msimbo wa Android, mfumo uliojengwa juu ya Linux. Mwenye kiwanda yeyote akaruhusiwa kuuchukua na kuubadilisha bila kulipa ada. Nokia nayo iliifungua Symbian mwaka 2010, lakini jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Mwaka uliofuata ikajiunga na Microsoft.

Matunda ya uwazi huo hayakuchelewa kufika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya ilianza kuuza Ideos, simu ya Android iliyotengenezwa na Huawei ya China, kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, wakati simu nyingi za aina hiyo zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida.

Hata hivyo, msomaji wangu, Google haikutoa kila kitu. Duka la programu, ramani na huduma zake nyingine zilibaki mali yake. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiwekea Huawei vikwazo vya biashara. Msimbo uliokwisha kutolewa haukuweza kurudishwa, na Huawei iliendelea kuutumia. Lakini simu yake ya Mate 30, iliyotoka Septemba mwaka huo, haikuwa na duka la Google.

Wahenga walinena kuwa mpewa hapokonyeki. Ni kweli, kwa kile alichopewa. Sisi watu wa milimani tumelelewa na mifereji, na tunajua kwamba maji ya mto hayana bei, ila mshika lango la mfereji ndiye aamuaye shamba lipi linywe leo. Katika simu zetu maji tumepewa, lango hatukupewa. Zawadi ikija tuipokee kwa mikono miwili, kisha tuulize lango liko kwa nani.