Kugawa na Kunyakua: Msamiati wa Ardhi katika Historia ya Msitu wa Karura, Nairobi

Historia ya Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya miti. Makala haya yanaisoma kama historia ya vitenzi viwili: kugawa na kunyakua.

Msitu huo wenye takriban hekta 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Chini ya Sheria ya Misitu ya zamani, waziri aliweza kubadili mipaka ya msitu wa serikali kwa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ilani ziliandikwa kwa Kiingereza. Jirani wa msitu asiyeisoma lugha hiyo hakuwa na njia ya kupinga jambo asilolijua.

Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za Karura zilikwisha kupewa kampuni binafsi za ujenzi. Kwa lugha ya ofisi, ardhi ilikuwa 'imegawiwa'. Kitenzi hiki humchukulia mtoaji kuwa ana mamlaka na mpokeaji kuwa ana haki. Kunyakua, kinyume chake, ni tendo la mwewe kwa kifaranga: lina mhasiriwa, na mama kuku hupiga kelele. Wangari Maathai, ambaye mwaka 1989 alikwisha kupinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, alifika langoni mwa Karura Januari 1999 pamoja na wenzake ili wapande miche. Walishambuliwa, naye akajeruhiwa kichwani. Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilizungumzia 'ugawaji haramu'. Istilahi hiyo, kwa maoni yetu, ni suluhu ya kiofisi: nomino inampa heshima mgawaji, kivumishi kinamnyang'anya.

Sheria ya Misitu ya 2005 iliongeza sharti la idhini ya Bunge kabla ya mpaka kupunguzwa. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Hata hivyo, halikugusa lugha ya ilani, ingawa Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tunapendekeza kila ilani inayohusu msitu au bustani ya mjini itolewe pia kwa Kiswahili, ikitaja mto, barabara na mtaa unaopakana na eneo husika, na ibandikwe langoni pake.