Nani Anaivalisha Kariakoo?

Anayetaka kujua taifa kubwa hubakije kubwa hana haja ya kuanzia kwenye manowari na makombora. Aanze na maduka ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, aulize kanga zile zimechapwa wapi, kwa pamba ya nani, na mwenye duka alizilipia kwa sarafu ipi. Kwa karibu karne mbili mwambao huu umevaa nguo za kila dola iliyokuwa juu katika zama zake, na mfuatano huo unaonyesha jambo ambalo masimulizi ya vita hulificha. Silaha hufungua mlango tu. Kinachomweka mkubwa ndani ni uwezo wa kupanga masharti ya biashara ya wengine, na kumwadhibu anayeyakataa bila kufyatua risasi.

Wamarekani walitangulia, kabla hata Dar es Salaam haijakuwapo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan aliingia nao mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konseli wao wa kwanza akaanza kazi Unguja. Hawakuja na jeshi. Walileta merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Misafara ya bara ikaifanya merikani kuwa fedha: watawala walilipwa hongo kwa kitambaa, na vyakula njiani vikanunuliwa kwa kitambaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoikausha bidhaa hiyo, viwanda vya Bombay, chini ya bendera ya Uingereza, vikaanza kuchukua nafasi. Kwa hiyo Sultani Majid alipoanza kuujenga mji wake wa Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1860, aliujenga ili uitumikie biashara ambayo tayari ilipima utajiri kwa kazi ya vinu vya ng'ambo.

Wajerumani waliofuata walikuwa na shida nyingine. Viwanda vyao vilitegemea pamba ya Marekani, na utegemezi huo uliwakera wenye mitaji wa Berlin. Dawa yao ikawa kuilimisha Afrika Mashariki. Wenyeji wa kusini ya Dar es Salaam walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa ujira usiofaa kitu. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, miche ya pamba iling'olewa na Vita vya Maji Maji vikaanza. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya mazao kuchomwa, huanzia 75,000 hadi 300,000. Wanaopenda kusema kwamba biashara huleta amani wakumbuke vita hivyo vilianzia shambani.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916. Eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulipangia mji wa Waafrika likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na jina likaganda. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, zaidi kwa maradhi na lishe mbovu kuliko kwa risasi. Amani iliporudi, mji ukagawanywa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Kariakoo nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwa mpaka. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na shilingi ikafungwa kwenye pauni. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha kamba za mkonge cha Tanganyika kilithubutu kuuza Uingereza kwenyewe. Watengeneza kamba wa huko wakalalamika serikalini, na kiwanda kikaishia kufungwa. Pana ukweli mmoja, hata hivyo, unaoonekana kuipinga hoja yangu. Mikataba ya Bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao hapa, na katika muongo huohuo nguo za Japani ziliipiku Manchester kwa bei. Lakini tazama kilichobaki mikononi mwa London: sarafu, bandari, na kauli ya mwisho kuhusu kiwanda kipi kiishi. Mkubwa anaweza kupoteza bidhaa na bado akashika masharti.

Uhuru ulipokuja, masharti yalionekana waziwazi zaidi. Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kwake kuukomesha uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa hasira ya kuona Ujerumani Mashariki ikipewa nafasi Dar es Salaam. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa imekataliwa na nchi za Magharibi kwamba hailipi. China ikasema itaijenga, kwa mkopo usio na riba: kilomita 1,860, kazi ikianza 1970 na reli kufika mwisho 1975. Tayari mwaka 1968 ilikuwa imesaidia kujenga kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo. Jambo lisilosimuliwa sana ni jinsi gharama za ndani za reli zilivyopatikana. Serikali ilichukua bidhaa za Kichina kwa mkopo, ikaziuza madukani, na fedha za mauzo zikagharimia ujenzi. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa Dar es Salaam aliijenga reli hiyo, TAZARA, kila aliponunua bidhaa ya Kichina, miaka mingi kabla mfanyabiashara wa Kariakoo hajapanda ndege kwenda Guangzhou. Ulikuwa mpango wa heshima kuliko yote iliyotangulia, nami sina sababu ya kuukejeli. Hata hivyo ulitufundisha kununua.

Kisha yakaja ya mitumba, na hapo mfumo mzima ulijionyesha bila joho. Miaka ya 1980, nchi ikiwa haina fedha za kigeni, milango ya uagizaji ilifunguliwa, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Marobota yakajaa masokoni, viwanda vya nguo vikadhoofika kimoja baada ya kingine. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa nguo za mitumba ndani ya miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kilipeleka malalamiko Washington, na serikali ya huko ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, sheria iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo. Malalamiko ya chama kimoja yalitosha kupindua azimio la marais.

Watu wa Kariakoo wenyewe watanijibu kwamba mitumba inalisha familia nyingi na kumvalisha maskini kwa bei anayoiweza. Ni kweli, na marufuku ya ghafla ingewaumiza hao kwanza. Wengine watasema viwanda tuliviua wenyewe kwa uongozi mbovu wa mashirika ya umma na umeme wa kukatika. Nalo ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kiwanda kibovu kinaweza kutengenezwa iwapo mwenye nchi ana ruhusa ya kukikinga kinapoinuka, kama Marekani yenyewe ilivyovikinga viwanda vyake kwa ushuru katika karne ya 19. Ruhusa hiyo ndiyo tuliyonyang'anywa mwaka 2018.

Hoja nzito zaidi ni ile inayodai kwamba zama zimebadilika, kwamba China imeshika soko na Marekani imebaki jina. Uhaba wa dola wa mwaka 2023 unatoa jibu. Benki kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, dola zikaadimika katika nchi nyingi, na muagizaji wa Kariakoo akahangaika kutafuta sarafu ya Washington ili alipie mzigo wa Guangzhou. Mwaka 2025 serikali ilipiga marufuku kutoza bei kwa fedha za kigeni nchini, na ikawazuia wageni kufanya aina 15 za biashara ndogondogo. Hatua hizo zina faida kwa mchuuzi wa Mtaa wa Kongo. Hazimgusi mwenye kiwanda cha ng'ambo wala mwenye sarafu, na sehemu kubwa ya pamba yetu bado inapita bandarini ikiwa ghafi. Azimio la 2016 linastahili kurudishwa mezani Arusha, makao ya Jumuiya, safari hii viwanda vikitangulia na marufuku ikifuata, na kila nchi ikifungwa kwa saini isijitoe peke yake pale barua ya vitisho itakapofika.