Tatu kwa Mbili

Ndugu msomaji, kuna hesabu moja ambayo mwalimu wangu wa hisabati hakuwahi kutufundisha. Mtu anapigwa ngumi 86, yeye anarudisha 32, halafu anatangazwa mshindi. Mimi katika somo hilo nilikuwa mtu wa kuponea chupuchupu, lakini hii hata mie iliniacha mdomo wazi.

Ilitokea Seoul, Korea Kusini, tarehe 2 Oktoba 1988, siku ya mwisho ya Olimpiki. Ilikuwa fainali ya ngumi, uzito wa kilo 71. Kona moja alisimama Roy Jones Jr, kijana wa Kimarekani mwenye miaka 19, mtoto wa Pensacola, Florida. Kona ya pili Park Si-hun, mwenye nyumba. Raundi tatu, dakika tatu tatu. Jones alimchezea Park kama paka anavyomchezea panya. Waliokuwa wakihesabu ngumi kwa ajili ya televisheni ya Marekani ndio walioandika hizo 86 kwa 32.

Majaji walikuwa watano. Jaji wa Muungano wa Kisovieti alimpa ushindi Mmarekani, na wa Hungaria vilevile. Fikiria, vita baridi bado ipo, na Msovieti anampa haki Mmarekani! Waliobaki watatu, wa Uruguay, wa Moroko na wa Uganda, walimpa Park. Naam, Uganda, jirani yetu hapo. Tatu kwa mbili. Refa akauinua mkono wa Park, na Park mwenyewe akaonekana kushangaa.

Baadaye waandaaji wa ndondi wakampa Jones kombe la Val Barker, ambalo kwenye Olimpiki lilikuwa likipewa bondia aliyecheza kwa ufundi kuliko wote. Kwa hiyo bondia bora wa mashindano yote akarudi kwao na medali ya fedha. Tangu kombe hilo lianze kutolewa mwaka 1936, mpaka hapo ilikuwa mara ya tatu tu kwenda kwa mtu asiye na dhahabu. Wa kwanza alikuwa Mmarekani, Louis Laurie, mwaka huohuo wa 1936. Na wa pili je? Hapa ndipo niliporuka kitini: wa pili alikuwa Mkenya, Philip Waruinge.

Vijana wa leo ukiwatajia Waruinge wanakukodolea macho. Huyu alitoka Nakuru, akapigana uzito wa kilo 57, akachukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 kule Kingston na tena mwaka 1970 kule Edinburgh. Mwaka 1968 alikwenda Olimpiki ya Mexico City. Katika nusu fainali akakutana na Antonio Roldán. Roldán ni mtoto wa wapi? Wa Mexico. Matokeo? Tatu kwa mbili, Roldán. Waruinge akapata shaba, na juu ya shaba akapewa kombe la Val Barker. Miaka minne baadaye, Munich 1972, akafika fainali na kukutana na Mrusi, Boris Kuznetsov. Matokeo? Usiniulize tena. Tatu kwa mbili, na si kwa Waruinge.

Mimi sisemi aliibiwa. Sikuwapo, hata kuzaliwa nilikuwa bado. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuambiwa kwa mkono wa kulia, "wewe ndiye fundi kuliko wote," na kwa mkono wa kushoto akaambiwa, "lakini dhahabu si yako." Jambo hilo likimtokea mtu mmoja ni bahati mbaya. Likirudi baada ya miaka 20, tena mbele ya mwenyeji mwingine, basi tukae chini tuulizane.

Wengi huuliza, hivi wale majaji wa Seoul walihongwa? Swali hilo lilichunguzwa. Majaji walisimamishwa, na mwaka 1997 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa jibu kwamba haikupata ushahidi wa rushwa. Park akabaki na dhahabu yake vitabuni. Wamarekani walikasirika. Lakini mimi jibu hilo ndilo lililonifanya nilale macho. Maana rushwa ni rahisi kuielewa: fulani katoa, fulani kapokea, mfunge jela, yameisha. Kama hakuna bahasha, je, haki ilitoroka kwa mlango gani?

Jibu moja alilitoa jaji wa Moroko, kama magazeti ya wakati ule yalivyoripoti. Alisema aliona wazi Mmarekani ameshinda, tena kwa urahisi kabisa, na aliamini wenzake wote wanne watampa. Basi yeye akampa Mkorea, ili matokeo yawe nne kwa moja na mwenyeji asiaibike mbele ya watu wake. Ilikuwa huruma, kumbe! Alitaka kutoa zawadi ndogo ya adabu, kama mgeni anayesifu chakula kisicho na chumvi.

Na tusisahau hali ya ukumbi. Siku kumi kabla yake, tarehe 22 Septemba, bondia mwingine wa Korea, Byun Jung-il, alishindwa na Mbulgaria Alexander Hristov baada ya refa kutoka New Zealand kumkata pointi kwa kupiga kichwa. Makocha na watu wa Korea walivamia ulingo na kumshambulia refa. Byun akagoma kushuka, akakaa humo dakika 67, mpaka watu wakazima taa. Jaji aliyeona hayo, halafu akaketi pembeni ya ulingo, hahitaji bahasha ili mkono umtetemeke.

Usidhani ugonjwa huu ni wa ngumi peke yake. Mwaka 1956 Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini kwa sababu ya sheria kali za Australia za karantini ya wanyama, michezo ya farasi ilifanyika Stockholm. Katika dresaji, ule mchezo wa mpanda farasi kumtembeza mnyama wake kwa madaha huku majaji wakimtolea alama, jaji wa Ujerumani aliwapanga Wajerumani watatu nafasi tatu za juu. Jaji wa Sweden naye, bila aibu, akawapanga Waswidi watatu. Kila mmoja aliona uzuri kwake. Mwaka 2002, Salt Lake City, kwenye kuteleza juu ya barafu, Warusi walipewa dhahabu kwa kura tano kwa nne, kisha jaji wa Ufaransa akasema alishinikizwa. Ikabidi Wakanada, Jamie Salé na David Pelletier, nao wapewe dhahabu yao, na mfumo wa zamani wa alama ukatupwa.

Katika ngumi waliona dawa ni mashine. Olimpiki ya Barcelona, 1992, kila jaji alipewa vitufe. Ngumi ikitua, bonyeza. Wakibonyeza majaji watatu kati ya watano ndani ya sekunde moja, pointi inahesabiwa. Safi, si ndiyo? Basi msikilize Mmarekani Eric Griffin. Alipigana na Rafael Lozano wa Hispania, kwao Lozano, na akashindwa 6 kwa 5. Walipotazama karatasi ya kila jaji peke yake, majaji wote watano walikuwa wamemwandikia Griffin ngumi nyingi kuliko Lozano! Ila vidole havikubonyeza kwa pamoja. Mashine haikuwa na huruma wala woga, na bado haki ikateleza.

Mwaka 2013 mfumo wa vitufe uliachwa, wakarudi kwenye kalamu na macho. Rio de Janeiro, 2016, kilio kikaanza upya. Michael Conlan wa Ireland alishindwa na Mrusi Vladimir Nikitin, ambaye alitoka ulingoni amejeruhiwa kiasi cha kushindwa hata kupanda kwenye nusu fainali. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2021 ilisema kwamba Rio kulikuwa na mpango wa kuchezea matokeo kwa kuchagua nani awe jaji wa pambano gani. Mwaka 2023 chama hicho cha kimataifa cha ngumi kikanyang'anywa kabisa utambuzi wa Olimpiki.

Wazee wa ngumi watakwambia dawa ni moja tu: usiwaachie majaji. Na kweli, palepale Seoul, mwaka uleule wa 1988, Mkenya Robert Wangila alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali yao. Nani angepiga kura hapo? Wangila akawa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi. Lakini ndugu yangu, maisha mengi hayana nokauti. Farasi hamwangushi farasi mwenzake. Hadithi yako haiwezi kuizimisha hadithi yangu raundi ya pili. Lazima akae mtu, asome, aamue.

Na sasa nikiri. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani nangoja matokeo, niliitwa shule yangu ya zamani kuwa mmoja wa majaji watatu wa mdahalo. Walikuja wageni wa shule nyingine. Msemaji wao mkuu, dada mmoja mwembamba aliyeshika karatasi bila kuitazama, aliwafagia wenyeji wetu kama uwanja wa asubuhi. Ukumbi wote ulijua. Nikawatazama wadogo zangu pale mbele, vichwa chini, walimu wao nyuma yao. Nikajiambia, wenzangu watawapa wageni tu, ngoja mimi niwape hawa alama mbili za ziada, wasitoke mikono mitupu. Nikaandika.

Matokeo yakasomwa: mbili kwa moja, wenyeji wameshinda.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Yule dada alikunja karatasi yake mara nne, akasema, "Ahsanteni majaji," akakaa. Tulipokuwa tunatoka nilimwamkia jaji mwenzangu, mwalimu wangu wa zamani, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, hivi wewe uliwapa nani?" Nikamwambia. Akasimama. "Mimi nilijua wewe na mwenzako mtawapa wageni," akasema. Hatukuzungumza tena mpaka getini.

Ndiyo maana niliposoma habari ya jaji wa Moroko sikucheka. Nilikuwa namfahamu. Hakuna aliyetupa hata shilingi, mimi na mwalimu wangu. Kila mmoja aligawa huruma isiyokuwa yake, akitegemea mwenzie ndiye atakayebeba haki. Bahasha ina mtoaji na mpokeaji, unaweza kuwakamata. Huruma ya namna hii utamkamata nani?

Park Si-hun naye hakuifurahia dhahabu hiyo. Aliizomewa na kuibeba kwa miaka mingi kama mzigo. Mwaka 2023 aliichukua, akapanda ndege mpaka Pensacola, akamkabidhi Roy Jones nyumbani kwake. Dunia ilikuja kuiona picha yake ya video mwaka 2025. Vitabu vya Olimpiki havikubadilika, bado vinamtaja Park. Lakini mtu ambaye hakuomba upendeleo ndiye aliyekuja kuulipa, baada ya miaka 35.

Mimi sina medali ya kumpelekea yule dada, na jina lake silijui. Nina kitu kimoja tu. Katika kikundi chetu cha waandishi chipukizi tunasomeana miswada na kupeana alama kila mwezi, na ninyi wengi mnafanya hivyohivyo huko mliko. Siku hizi kabla ya kuandika alama nafunika jina la mwandishi kwa kiganja, kisha najifanya kwamba majaji wenzangu wote wamepatwa na homa, hawakuja, nimebaki peke yangu. Alama ninayoiandika hapo ndiyo ninayoitoa. Mara nyingine inamuumiza rafiki yangu. Mara nyingine ananinunia wiki nzima. Lakini akinisalimia tena, najua nimemsalimia mtu ambaye sijamdanganya.