Farasi Mwenye Masikio ya Punda

Nilijifunza kuchora farasi Kinampanda, na sikumwona farasi hata mmoja. Tulikuwa chuo cha ualimu tukitengeneza zana za kufundishia, mimi nikaangukiwa na herufi F. Nikashuka kisimani, nikamkuta punda kabebeshwa madumu ya maji, nikamchora yeye.

Farasi bara lilimshinda zamani. Mwaka 1871 msafiri Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Wote walikufa safari haijanoga. Mbung'o wapo, na upo ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, ambao punda anauhimili. Ndiyo maana kisimani nilimkuta punda.

Vifaa vyetu vilikuwa manila, mkaa wa jikoni na kidole. Unapaka mkaa chini ya tumbo, kisha unaupitishia kidole taratibu kufuata mlalo wa manyoya, mpaka tumbo lijae. Kidole chenye jasho huacha doa lisilotoka, kwa hiyo tulikizungushia pamba. Mng'ao wa mgongoni tuliutoa kwa nyama ya mkate iliyofinyangwa, tukiokota nayo mkaa kidogokidogo. Jicho, tundu la pua na kwato havikuguswa.

Kidole kilianza kazi hii kabla yetu. Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ile myeupe ya baadaye ilipakwa kwa vidole. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuhitaji kulainisha: rangi yake ya kung'aa ilitaka ukingo mkali, mnyama asimame mbali na mandhari yake.

Siku hizi mjukuu wangu anachora kwenye kompyuta. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na kifaa chake cha kuvurugia rangi kina picha ya kidole. Nilicheka nilipokiona. Lakini kijana alikuwa amevuruga kila kitu, miguu ikawa moshi.

“Rudisha goti,” nikamwambia. “Kidole kinalainisha nyama, hakiumbi mfupa.”

Akafuta, nikamchorea goti, kisha shingo, kisha kichwa. Akakitazama kwa muda.

“Babu, mbona masikio marefu hivi?”


Mkono wangu ulikuwa bado uko kisimani.