Shamba la babu kule Masisi

Babu hakuzaliwa Masisi, alipelekwa. Mwaka 1937 Wabelgiji walianza kuhamisha familia kutoka Rwanda kwenda Gishari, wakaendelea hadi 1955. Rwanda kulikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara. Kivu wazungu walitaka vibarua. Wahunde, wenye milima ile, walipunguziwa nafasi kwao wenyewe, na bibi hafichi jambo hilo.

Shamba lenyewe mimi sikuliona, nalijua kwa mdomo wa bibi: maharagwe, viazi, ng'ombe watano. Mpaka ulikuwa mikaratusi aliyoipanda babu kwa mkono wake. Karatasi hakuna! Sheria ya 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali. Wenye pesa wakakimbilia hati, babu akabaki na miti yake. Mwaka 1993 vita vikaingia Masisi, ng'ombe wote wakaliwa.

Sasa tuko hapa Nsambya, na jioni bibi ananitajia ile miti mmoja mmoja, kuanzia mtoni kuelekea kwa jirani yao Mhunde, baba Furaha. Naandika kwenye daftari. Tumefika wa kumi na tisa.