Usakinishaji wa programu na draiva za Linux bila intaneti

Usakinishaji wa programu na draiva za Linux bila intaneti ni kazi ya kuingiza programu mpya, au zile zinazoendesha vifaa vya kompyuta, katika mashine isiyofikiwa na mtandao. Mafaili hupakuliwa kwenye kompyuta nyingine, hutiwa kwenye flashi, diski au simu, kisha hupelekwa kwa mkono hadi kwenye mashine inayoyahitaji. Anayeanza Linux huikuta kazi hii siku ya kwanza kabisa, wakati ambao hajazoea chochote. Kadi ya Waifai inasubiri draiva, na draiva iko kwenye intaneti.

Makala hii inafuata zaidi Debian na jamaa zake, Ubuntu na Linux Mint, kwa kuwa ndizo anazopewa mwanafunzi mara nyingi.

Asili yake

Linus Torvalds alitangaza kazi yake ya Linux huko Finland mwaka 1991. Slackware na Debian zilipoanza mwaka 1993, mfumo mzima ulisafiri kwa rundo la disketi, na baadaye kwa CD. Programu ya dpkg, ambayo hadi leo ndiyo inayofungua vifurushi vya Debian, ina alama ya enzi hizo: inapokea faili lililokwisha kuwepo kwenye diski, inalipanga mahali pake, na haijui lolote kuhusu mtandao. APT, inayotafuta vifurushi na kuvileta yenyewe, iliingia rasmi katika Debian 2.1 mwezi Machi 1999, na hata hiyo ilifundishwa kusoma CD kwa amri ya apt-cdrom. Kwa hiyo mtu anayesakinisha kwa flashi hatumii njia ya panya. Anatumia mlango wa mbele wa zamani, ambao haujawahi kufungwa.

Afrika Mashariki iliujua mlango huo vizuri. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya eneo hili ilitegemea setilaiti, na kupakua CD moja ya megabaiti 700 lilikuwa jambo la usiku mzima na pesa nyingi. Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kubeba jina lililo ndugu wa neno letu utu, ilituma CD zake kwa posta bila malipo kupitia mpango wa ShipIt hadi Aprili 2011. Leo kebo zipo, lakini bando huisha, na kebo nazo hukatika: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika SEACOM na EASSy ilidhoofisha mtandao Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa wakati mmoja.

Kifurushi hakisafiri peke yake

Kosa la kwanza la anayeanza ni kubeba faili moja. Ameitaka VLC, programu ya kuchezea video, amepakua faili la vlc lenye mwisho wa .deb, amerudi nyumbani, ameandika dpkg -i, na mashine imemjibu kwa Kiingereza kwamba kuna matatizo ya tegemezi. Programu za Linux hugawana maktaba. Badala ya kila moja kuja na vyombo vyake vyote, zinaazimana, na kifurushi cha VLC kinataja vifurushi vingine ambavyo navyo vinataja vingine. Akirudi mjini kuchukua kimoja kilichotajwa, atakuta hicho kinataka vitatu zaidi. Wengi huiacha Linux hapa wakiamini ni ngumu, na inasikitisha, kwa sababu hesabu hiyo hawakupaswa kuifanya wao. Kompyuta ndiyo inayoijua.

Njia nyepesi ya kuifanya kompyuta ihesabu ni kutumia flashi ileile iliyosakinisha mfumo, ikiwa ni ya aina inayowaka bila kusakinisha. Iwashe kwenye kompyuta yoyote yenye mtandao, ya rafiki au ya kazini, bila kugusa diski yake. Hapo unapata mfumo unaokaribia kufanana na ule uliouacha nyumbani, wenye karibu maktaba zilezile na pengo lilelile. Andika sudo apt update, kisha sudo apt-get install --download-only vlc. Vifurushi vyote vinavyokosekana hushuka na kukaa katika folda ya /var/cache/apt/archives, tayari kunakiliwa kwenye flashi ya pili. Ukiazima mashine ya mtu aliyeitumia Linux miaka mitatu, hesabu itakosea: mashine yake ina maktaba nyingi tayari, kwa hiyo haitazipakua, na ni zilezile unazozikosa wewe.

Njia ya pili ni programu ya apt-offline, iliyotungwa kwa ajili ya hali hii hasa. Kwenye mashine isiyo na mtandao, apt-offline set huandika faili dogo lenye orodha ya mahitaji. Faili hilo linapelekwa penye mtandao, apt-offline get hulisoma na kupakua kila kilichotajwa, na kwa kuwa imeandikwa kwa lugha ya Python inaweza kufanya hivyo hata kwenye Windows. Ukirudi, apt-offline install huingiza mzigo mahali pake. Uzuri wake ni kwamba orodha imetolewa na mashine husika yenyewe, si na inayofanana nayo. Ila mfumo uliosakinishwa bila mtandao hauna hata orodha ya vifurushi vilivyopo duniani, kwa hiyo safari ya kwanza huwa ya kuleta orodha na ya pili ya kuleta programu.

Wakati wa kusakinisha, ingia kwenye folda yenye vifurushi na uandike sudo apt install ./*.deb. Ile nukta na mkwaju mwanzoni si pambo. Ukiandika jina tupu la programu, apt hudhani unataka kifurushi cha jina hilo kutoka mtandaoni na kwenda kukitafuta huko, lakini ukianza na ./ inaelewa kwamba unamaanisha mafaili yaliyo hapa, na inayapanga kwa utaratibu unaofaa, kilichotegemewa kikitangulia.

Toleo na aina ya kichakato lazima vilingane. Kifurushi cha Debian 13 kikiingizwa kwenye Debian 12 kitadai maktaba mpya zisizokuwepo, na faili lenye jina la arm64 halina kazi kwenye laptopu ya amd64. Amri ya dpkg --print-architecture hutoa jibu la neno moja, na inafaa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani.

Draiva

Aliyetoka Windows huja akitafuta draiva kama alivyozoea, faili la kubofya mara mbili kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye Linux karibu draiva zote zimo tayari ndani ya kiini cha mfumo, zikiwa vipande viitwavyo moduli katika folda ya /lib/modules. Kinachokosekana, hasa kwa Waifai, ni kitu kingine: programu dhibiti. Hiyo hupakiwa ndani ya kadi yenyewe kila inapowashwa, na hukaa katika /lib/firmware. Draiva inaita, kadi haiitiki, na mtumiaji anaona tu kwamba hakuna mitandao inayoonekana.

Kabla ya kupakua chochote, iulize mashine. Amri ya lspci -nnk huorodhesha vifaa vya ndani, na karibu na mwisho wa mstari wa kila kifaa huweka ndani ya mabano ya mraba makundi mawili ya tarakimu na herufi nne nne. Kundi la kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. La pili ni kifaa chenyewe. Jina lililobandikwa kwenye boksi la laptopu halisaidii, kwa kuwa mtengenezaji anaweza kuweka kadi tofauti ndani ya laptopu za jina moja. Kwa kadi za kuchomeka, amri ni lsusb.

Chukua kadi ya 14e4:4315, yaani Broadcom BCM4312, iliyojaa katika laptopu za mitumba za mwisho wa miaka ya 2000. Ukiandika sudo dmesg utakuta mstari wa malalamiko kutoka kwa draiva ya b43 ukisema faili la b43/ucode15.fw halikuonekana. Mstari huo unataja ugonjwa na dawa kwa pamoja: draiva ipo, faili lenye jina hilo ndilo halipo. Anayeanza hutafuta na kuambiwa asakinishe kifurushi cha firmware-b43-installer au ndugu yake wa lpphy, anakibeba kwenye flashi, anakisakinisha, na hakifanyi kitu. Ndani ya kifurushi hicho hakuna programu dhibiti. Kuna maelekezo ya kwenda kuipakua mtandaoni! Broadcom haikutoa ruhusa ya kuisambaza, kwa hiyo chombo cha b43-fwcutter huikata kutoka katika draiva ya kampuni wakati wa kusakinisha. Ujanja wa fundi ni kusakinisha kifurushi hicho kwenye Linux yenye mtandao, kunakili folda nzima ya b43 kutoka /lib/firmware, kuipeleka mahali hapohapo kwenye mashine iliyokwama, kisha kuandika sudo modprobe -r b43 na sudo modprobe b43. Mitandao huanza kuonekana bila hata kuzima mashine.

Kwa kadi nyingine nyingi mambo yamekuwa mepesi. Kwa miaka mingi Debian iliweka programu dhibiti zisizo huria nje ya diski yake ya kusakinishia, kwa msimamo wa uhuru wa programu unaostahili heshima, lakini aliyeumia ni mtu mwenye laptopu moja tu na asiye na kebo ya mtandao. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuziruhusu, na Debian 12 ya Juni 2023 ikawa ya kwanza kutoka nazo ndani ya diski rasmi. Kwa kadi za Intel na Realtek, flashi mpya mara nyingi inatosha.

Zipo draiva zinazojengwa papo hapo kwa njia ya DKMS, kama ya NVIDIA na broadcom-sta. Hizi hudai vifaa vya ujenzi, yaani gcc na make, pamoja na kifurushi cha linux-headers kinacholingana herufi kwa herufi na jibu la uname -r. Tofauti ya tarakimu moja ya mwisho huvunja kazi yote. Na kama ulinzi wa uwashaji uitwao Secure Boot umewashwa, moduli iliyojengwa salama bado inaweza kukataliwa hadi ufunguo wake usajiliwe mashine inapowaka upya.

Simu kama daraja

Kabla ya yote hayo, jaribu simu ya Android kwa kebo yake ya USB, kisha washa kushiriki intaneti kupitia USB. Kiini cha Linux kina moduli za rndis_host na cdc_ether zisizohitaji programu dhibiti, kwa hiyo simu huonekana kama kebo ya mtandao. Simu ikiwa imeunganishwa kwenye Waifai ya jirani aliyekuruhusu, itapitisha mtandao huohuo bila kula bando. Megabaiti chache za programu dhibiti hushuka kwa dakika moja.

Njia nyingine

AppImage ni programu nzima katika faili moja: inanakiliwa, inapewa ruhusa kwa chmod +x, inafunguka, ingawa nyingi huhitaji libfuse2, ambayo haimo kwa kawaida tangu Ubuntu 22.04. Snap ina amri ya snap download, Flatpak ina create-usb, na kwenye Fedora dnf download --resolve hukusanya kifurushi na tegemezi zake. Kwa njia yoyote utakayotumia, flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi. Baada ya kila safari linganisha sha256sum ya faili na ile iliyotolewa na wenyewe, maana faili lililokatika njiani hufanana kwa jina na lililo zima.

Kwa maabara ya shule, mashine moja inaweza kuhudumia nyingine zote. Vifurushi hukusanywa kwenye folda moja, dpkg-scanpackages hutengeneza faharasa iitwayo Packages, na python3 -m http.server hutoa folda hiyo kwenye mtandao wa ndani wa kebo na swichi. Kila mashine huongezewa, katika orodha yake ya vyanzo vya apt, mstari mmoja wa deb [trusted=yes] wenye anwani ya mashine mama, na kuanzia hapo apt install hufanya kazi kwa wanafunzi kana kwamba intaneti ipo. Kila vifurushi vipya vinapoletwa, faharasa itengenezwe upya na kila mashine iandike apt update, la sivyo vifurushi vitakaa kwenye folda bila apt kuviona.