Vyuo Vikuu vya Kenya: Serikali na Soko la Elimu ya Juu

Soko la elimu ya juu nchini Kenya limekuwa, kwa sehemu kubwa, zao la maamuzi ya serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipojitegemea mwaka 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hazina ya taifa ndiyo iliyogharimia masomo na malazi. Mwaka 1991 wazazi walitakiwa kuchangia gharama, na sheria ya 1995 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Karo ya mwanafunzi anayefadhiliwa na serikali ilikwama kwenye Sh16,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakuna mwanasiasa aliyethubutu kukigusa hadi 2023.

Pengo kati ya karo hiyo na gharama halisi lilizibwa na masomo sambamba, yaliyoanza Nairobi mwaka 1998. Waliofikisha C+, alama ya kuingia chuo kikuu, lakini wakakosa ufadhili walijilipia, pamoja na wafanyakazi waliosoma jioni. Fedha ziliingia, na kampasi zikafunguliwa mijini, nyingine kwenye majengo ya biashara. Malalamiko hayakukosekana: kijana wa alama za chini angeweza kusomea udaktari au sheria, mradi mzazi awe na uwezo. Kufikia 2013 vyuo vya umma vilikuwa vimeongezeka kutoka 7 hadi 22.

Kilichoangusha biashara hiyo hakikuwa sera ya vyuo, bali mtihani wa kidato cha nne. Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipobana wizi wa mitihani, waliopata gredi ya A walishuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Waliofikisha C+, ambao walizidi 160,000 mwaka 2015, wakawa 88,929, kisha 70,073 mwaka 2017. Nafasi za ufadhili zikawatosha wote. Wa kujilipia wakaadimika. Vyuo vya umma vilibaki na majengo, wahadhiri na madeni, yakiwemo makato ya pensheni yasiyowasilishwa. Vile vya binafsi, ambavyo tangu 2016 vilipelekewa wanafunzi wa serikali, navyo vikaanza kuidai serikali hiyo hiyo.

Mwaka 2023 mgao kwa vyuo ulibadilishwa: kila mwanafunzi alipangiwa ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na hali ya nyumbani kwao. Wengi walilalamika kuwa wamewekwa daraja la matajiri. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufaa.